Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Rangi za Baiskeli

1. Kijiji cha Namochelia

Kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji, iko wilaya iitwayo Tunduru. Kutoka Butembo mpaka huko ni safari ndefu sana. Msafiri huvuka mpaka wa Uganda, kisha hupita nchi yote ya Tanzania tangu kaskazini mpaka kusini. Tunduru si nchi ya milima na baridi kama Butembo. Ni nchi ya joto na ya misitu mikavu. Katika misitu hiyo wako tembo, simba, chui, nyati, na ndege wa kila namna.

Huko, katika kijiji cha Namochelia, alizaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Siku zile nchi iliitwa Tanganyika, nayo ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na katika majina ya mtoto pande zote mbili zilionekana. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wasio na mali.

Edward alisoma shule miaka michache tu. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kuchora. Lakini katika nchi ile ilikuwapo desturi moja nzuri. Watu walizipamba kuta za nyumba zao za udongo. Walichukua udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa meusi, wakachora watu, wanyama na mistari ya kupendeza. Mvua ikija, picha zilifutika. Mvua ikiisha, watu walizichora tena. Hivyo watoto wa kusini walikua wakiona picha ukutani, na waliwaona pia watu wa kwao wakizifanya kwa mikono yao.

2. Kazi nyingi, mkate kidogo

Kijana wa Tunduru aliyetaka fedha za kodi na za nguo alikuwa na njia chache. Wengi waliondoka kwao wakaenda kutafuta kazi katika mashamba makubwa ya katani, upande wa Tanga, karibu na bahari. Katani ni mmea wenye majani marefu na magumu, na kila jani lina mwiba nchani. Nyuzi zake hutengenezwa kamba na magunia. Wakati ule Tanganyika ilitoa katani nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na kazi hiyo ilihitaji watu maelfu na maelfu. Ilikuwa kazi ya jua kali, ya kukata majani na kuyafunga mafungu, tangu alfajiri.

Katika miaka ya 1950 Edward naye akaenda Tanga, akafanya kazi katika katani. Mwaka 1959 akaiacha, akashuka mpaka Dar es Salaam, mji mkuu wa siku zile. Huko akapata kazi ya utumishi katika nyumba ya Mwingereza mmoja, ofisa wa serikali. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Maofisa wengi wa Kiingereza wakarudi kwao, na bwana wake Edward naye akaondoka. Edward akabaki mjini bila kazi.

Ndipo ilipoanza miaka ya kuhangaika. Mjini kila kitu hununuliwa: maji, kuni, unga, hata mahali pa kulala. Edward alifanya kila kazi aliyoipata. Aliuza matunda na mboga kwa watu wa mitaa ya matajiri. Alisuka mikeka. Alidarizi mashuka na vitambaa vya meza, akavipamba kwa maua ya nyuzi za rangi. Kazi hizi hazikumtajirisha, lakini zilimfundisha mambo mengi. Msukaji wa mikeka hujifunza jinsi ukindu wa rangi unavyoleta mapambo yanayorudiarudia. Mdarizi hujifunza jinsi rangi moja inavyokaa kando ya nyingine, na jinsi mshono mmoja mdogo, ukirudiwa mara mia, unavyolijaza ua. Edward hakujua bado kwamba mikono yake ilikuwa ikijiandaa kwa kazi nyingine.

3. Picha kutoka Kongo

Katika miaka ile ya 1960, mitaani Dar es Salaam waliuza picha zilizotoka Kongo. Wazungu waliokaa mjini walizinunua, wakazitundika katika nyumba zao.

Katika Kongo kazi ya kuchora kwa rangi ilikuwa imekwisha kupata sifa. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela na wengine. Desfossés hakutaka waige picha za Ulaya. Aliwapa rangi, akawaacha kila mmoja atafute njia yake. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Mwenze alijaza picha nzima kwa mistari midogo midogo. Pilipili alipenda samaki, ndege na nyoka, akiwapamba kwa uangalifu mkubwa. Watu watatu walikaa katika karakana moja, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Aliyezoea kazi zao aliweza kumtambua mchoraji kabla ya kusoma jina lake.

Edward hakufika kamwe katika karakana hiyo. Lakini watu husimulia kwamba aliziona picha za Kongo zikiuzwa Dar es Salaam, akaona jinsi wanunuzi walivyozipenda, akawaza kwamba yeye naye angeweza kufanya kazi kama hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 36. Hakuwa na mwalimu, wala karakana, wala fedha za kununulia vifaa vya wachoraji.

4. Ubao wa dari na kopo la rangi

Mwaka 1968 akaanza. Wachoraji wa Ulaya hutumia kitambaa kilichowambwa juu ya fremu, na rangi za vibomba zenye bei kubwa. Edward hakuweza kununua vitu hivyo. Akatazama ni vitu gani vinavyopatikana madukani kwa bei ndogo.

Aliona mbao nyembamba zilizotengenezwa kiwandani, zile ambazo mafundi hupigilia darini. Ubao mmoja kama huo huwa na urefu wa sentimeta 244 na upana wa sentimeta 122. Ukikatwa vizuri, hutoa vipande 8 vya mraba, kila kimoja cha sentimeta 61 kila upande. Hivyo picha zake nyingi zikawa za mraba, karibu sentimeta 60 kila upande. Watu wa baadaye waliupenda umbo huo, wakadhani ni uzuri tu alioutafuta. Lakini ulitoka kwa msumeno, na kwa fundi asiyetaka kupoteza hata kipande kimoja cha ubao.

Kisha akanunua rangi ya makopo, ile ya mafuta ambayo mafundi hupaka baiskeli zipate kung’aa. Rangi hiyo ina tabia zake. Hukauka taratibu. Ukiharakisha kupaka rangi ya pili juu ya ile ya kwanza kabla haijakauka, zote mbili huchafuka. Lakini ukiwa na subira, kila rangi hubaki safi, kali na yenye kung’aa.

Edward aliitii tabia ya rangi. Kwanza alipaka ubao mzima kwa rangi moja: njano, au nyeupe, au ya anga. Akauacha ukauke. Kisha akachora mnyama mmoja mkubwa katikati, akamjaza rangi, akamwacha akauke. Mwishoni akatia madoa, mistari, macho, kucha na manyoya kwa brashi ndogo. Hakuchora milima mbali nyuma ya mnyama, wala vivuli, wala mawingu mazito. Mnyama alisimama peke yake, naye akaijaza picha, kama mtu aliyeingia mlangoni na kumtazama mwenye nyumba.

Yafaa kuangalia hapa jinsi jambo hili lilivyotokea. Edward hakukaa chini miezi mingi akijiuliza mtindo wake uwe wa namna gani. Alitaka kuuza picha apate chakula. Alianza kwa kuiga jambo aliloliona kwa wengine. Lakini mkono wake haukuwa mkono wao, na ubao wake haukuwa kitambaa chao, na rangi yake haikuwa rangi yao. Kila picha aliyoimaliza ilimwonyesha jambo moja la kufanya katika picha ya pili. Kidogo kidogo ule uigaji ukaanguka, kama ganda la mbegu linavyoanguka mche ukichipuka, na kilichobaki kikawa chake mwenyewe.

5. Chui wa Tunduru

Edward alichora nini? Alichora wanyama wa kwao. Alichora chui mwenye madoa mengi, na nyati mwenye pembe nzito. Alichora simba, tembo na ndege wa mikia mirefu, na pengine mti wa mbuyu. Katika jiji lenye magari na meli, yeye aliiona bado misitu ya Tunduru. Wanyama wake si kama wanyama wa picha za kamera. Chui wake huonekana kwa ubavu, lakini macho yake mawili humwangalia mtazamaji. Shingo ni ndefu mno, mkia umejikunja, madoa yamepangwa kama mapambo ya mkeka. Mtu aliyesoma sana angeweza kusema kwamba chui wa kweli hayuko hivyo. Lakini aliyemwona chui wa Tingatinga mara moja hakumsahau.

Mahali pa kuuzia palikuwa Oyster Bay, penye duka liitwalo Morogoro Stores. Mtaa ule walikaa wageni wengi, na watu wa balozi za nchi za mbali. Picha zilipangwa nje, chini ya mti, na wapita njia walizitazama. Mke wake Agatha alisaidia kuziuza. Siku nyingine picha zilinunuliwa, siku nyingine zilirudishwa nyumbani.

Picha peke yake hazikutosha kwa chakula. Kwa muda Edward alifanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, akiwasaidia wauguzi kuwahudumia wagonjwa. Kazi ya hospitali ikiisha, alishika brashi. Hakuna aliyempa amri ya kuchora. Angeweza kulala, maana alikuwa amechoka. Lakini alikuwa amekwisha kuona jambo ambalo mikono yake inaweza kufanya, na mtu aliyeliona jambo hilo ni vigumu kuliacha.

Baadaye shirika moja la serikali likaanza kununua picha zake na kuziuza. Ndipo alipoweza kuiacha kazi ya hospitali, akaishi kwa kuchora. Yule mkata katani, mtumishi, mchuuzi wa mboga na msaidizi wa wagonjwa, sasa aliitwa mchoraji.

6. Wanafunzi wake

Sifa zilipoenea, wanunuzi wakawa wengi kuliko picha. Edward hakuificha kazi yake. Aliwaita vijana, wengi wao ndugu na jamaa zake waliotoka kusini kama yeye, akawafundisha. Kati yao walikuwako January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata.

Hakuwa na ubao wa chaki wala vitabu. Wanafunzi walikaa karibu naye, wakatazama. Kwanza walipaka rangi ya chini. Wakiisha kuweza hilo, walijaza umbo la mnyama alilolichora mwalimu. Kisha walitia madoa. Mwishoni walichora mnyama wao wenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndivyo mafundi wa Afrika walivyofundishana tangu zamani, awe mhunzi, awe mfinyanzi, awe msukaji. Hata huku Kivu, kijana anayetaka kuunda chukudu, lile gari la mbao la kubebea mizigo, huanza kwa kushika ubao ambao fundi anauchonga, ndipo apewe panga mkononi.

7. Risasi ya makosa

Mwaka 1972 Edward Saidi Tingatinga alikuwa na miaka 40. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Kazi yake ilikuwa ikistawi, wanafunzi wake walikuwa wakiendelea, na kila mtu alifikiri ana miaka mingi mbele yake.

Siku moja alikuwa katika gari pamoja na wenzake mjini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwatafuta wahalifu. Wakaliona gari hilo, wakadhani waliomo ndio wanaotafutwa. Wakapiga risasi. Edward akapigwa, akafa. Hakuwa mwizi wala mtoro. Alikuwa mchoraji, naye akauawa kwa makosa.

Tangu picha yake ya kwanza mpaka kifo chake ilipita miaka 4 tu, au karibu na hapo. Watoto wengine hukaa shule ya msingi muda mrefu kuliko huo. Lakini katika miaka hiyo minne alifanya jambo ambalo halikuwapo kabla yake.

8. Mwalimu amekufa, nini kifanyike?

Wanafunzi wake walilia, kisha wakakutana na swali gumu. Mwalimu hayupo tena. Je, wao waache kazi? Au wachore kama yeye? Au wachore kila mtu kwa namna yake?

Hawakuacha. Walizidi kukaa pamoja Oyster Bay na kuchora kwa rangi zile zile za makopo. Mwaka 1977 waliunda chama, wakakipa jina la mwalimu wao. Mwaka 1990 chama hicho kikawa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Vijana wengine wakaja, wakafundishwa na wale wa kwanza, nao wakawafundisha wengine. Leo neno tingatinga si jina la mtu mmoja tu. Ni jina la namna nzima ya kuchora, na picha zake zimefika Ulaya, Marekani na hata Japani.

Lakini katika jambo hili imo hatari, na hatari hiyo yapasa kusemwa. Picha zilipopendwa, wengi walianza kunakili. Mmoja akichora twiga watatu na wageni wakawanunua, kesho yake watu kumi huchora twiga watatu. Katika maduka ya watalii zimejaa picha zinazofanana kama matofali ya tanuru moja. Mkono umefanya kazi, rangi inang’aa, lakini aliyeichora hajulikani, kwa kuwa hakutia neno lake mwenyewe. Watu hao hawapaswi kudharauliwa. Wana watoto wa kulisha, kama Edward alivyokuwa nao. Kunakili ni mlango wa kuingilia katika ufundi, na Edward mwenyewe alipita mlango huo. Hasara ni ya yule anayekaa mlangoni siku zote.

Wengine walipita. Baadhi yao waliacha mnyama mmoja katikati ya ubao, wakachora kijiji kizima, soko, harusi, au hospitali yenye wagonjwa na madaktari. John Kilaka aliujifunza mtindo huu, kisha akaupeleka katika vitabu vya watoto. Alitunga hadithi za wanyama na kuzichora mwenyewe, na katika picha zake wanyama huvaa nguo na kutembea kwa miguu miwili kama watu. Ukizitazama, wamwona Tingatinga kwa mbali, na karibu wamwona Kilaka. Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu.

9. Neno la kukumbuka

Watu wengi husema kwamba hawana kipaji, au kwamba watajaribu siku watakapopata vifaa vizuri. Edward Saidi Tingatinga alikuwa na ubao wa dari, rangi ya baiskeli, na kumbukumbu za msitu wa kwao. Hakuijua njia yake kabla ya kuanza. Aliijua kwa kutembea ndani yake, picha baada ya picha. Lau angaliongoja mpaka aijue kwanza, leo jina lake lisingalijulikana hata Tunduru.

Mahali popote pana udongo, ukindu, miti ya kuchonga, vitambaa na nyuzi. Mtoto wa Butembo anayefinyanga ng’ombe wa udongo kando ya mto, au anayeunda gari la waya, amekwisha kuanza. Wa kwanza atafanana na ng’ombe wa rafiki yake. Wa kumi atakuwa na pembe ambazo hakuna mwingine aliyezifanya. Wahenga walisema: mwanzo wa ngoma ni lele.

MASWALI

1. Edward alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Taja kazi 4 alizozifanya kabla ya kuwa mchoraji. Ni zipi zilizoufundisha mkono wake, na kwa namna gani?
3. Kwa nini picha zake nyingi zilikuwa za mraba?
4. Mchoraji atumiaye rangi ya baiskeli yampasa kuwa na subira. Kwa nini?
5. Bela, Mwenze na Pilipili walikaa katika karakana moja. Walitofautianaje?
6. Kunakili ni kuzuri wakati gani, na ni kubaya wakati gani?
7. Finyanga, suka, chonga au chora mnyama mmoja wa kwenu. Kesho mfanye tena. Kesho kutwa mfanye mara ya tatu. Kisha waweke wote watatu pamoja na ueleze ni nini kilichobadilika.